Kukandwa na kunyoosha misuli baada ya zoezi zito: tuzungumze ukweli wake

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuchelewesha sana, ila juzi nimeona tena mtu anaambiwa humu ndani, "Umefanya zoezi zito, nenda ukakandwe asidi itoke." Wa pili akadakia, "Hukunyoosha misuli ulipomaliza, ndiyo maana unaumwa." Ushauri huo niliufuata miaka mingi, nikawapa na wengine, mpaka siku uliponiumiza.

Ilikuwa hivi. Nilikimbia kilomita 30 kwenye njia ya vilima ambayo nusu yake ya pili ni mteremko mtupu. Nilimaliza nikiwa mzima kabisa. Kesho yake jioni mapaja yakaanza kukaza, na kesho kutwa nilishindwa kushuka ngazi bila kushika ukuta. Nikaenda kukandwa, nikamwambia mkandaji asinionee huruma. Akaweka kiwiko. Nilivumilia nimeuma taulo, kwa kuwa niliamini maumivu yale ndiyo dawa yenyewe. Asubuhi mapaja yalikuwa na mabaka ya damu iliyovilia, na zikapita siku 9 kabla sijaweza kukimbia tena. Mkandaji alifanya nilichomwomba. Kilichoniponza ni imani niliyokuwa nayo.

Tuanze na hiyo asidi, maana ndiyo mzizi wa mambo yote. Ni kweli kwamba ukijituma sana laktati, ndiyo hiyo watu wanayoiita asidi, huongezeka kwenye damu. Lakini ukipumzika hupungua na kurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, bila mtu kukugusa. Moyo huitumia kama nishati, misuli mingine nayo huitumia, na ini huigeuza tena kuwa sukari. Safari hiyo ya kwenda na kurudi inaitwa mzunguko wa Cori, kwa jina la wanandoa Carl na Gerty Cori walioshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Haya maumivu yetu ya kuchelewa hufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, wakati laktati ilishaondoka zamani. Na kuna jambo lingine ambalo kila mkimbiaji anaweza kulithibitisha kwa miguu yake: kupanda mlima kunazalisha laktati nyingi kuliko kuushuka, lakini kinachokuacha unachechemea ni kushuka.

Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Theodore Hough, alikwisha kuandika kwamba maumivu yanayochelewa yanatokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe. Tafiti za baadaye zimeongeza mengi, lakini picha haijaenda mbali na pale. Msuli unaumia zaidi unapofanya kazi huku unavutwa kurefuka: paja linapozuia mwili usiporomoke kwenye mteremko, mkono unapoteremsha chuma taratibu. Nyuzi ndogo ndani ya msuli na tando zinazozizunguka hupata majeraha madogomadogo, mwili unaleta uvimbe wa ukarabati, na neva za pale zinakuwa nyepesi kuhisi. Ndiyo maana hata kuguswa kidogo kunauma.

Sasa jiulizeni: jeraha la aina hiyo linahitaji kiwiko?

Mwaka 2010 watafiti wa Queen's University, Kanada, waliwapa watu zoezi la kubana kwa kiganja, kisha wakawakanda mkono ili waone kama damu itapita kwa wingi. Ikawa kinyume. Kila mkono wa mkandaji ulipokandamiza, mishipa ilibanwa, damu ikapungua, na laktati ikachelewa kuondoka kuliko kwa mtu aliyekaa tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, hukohuko Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakawakanda mguu mmoja kwa dakika 10 na kuuacha mwingine, kisha wakachukua vipande vidogo vya msuli na kuvipima. Laktati haikutofautiana kati ya miguu miwili. Lakini kwenye mguu uliokandwa ishara za uvimbe zilipungua, na ishara za kujenga mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, ziliongezeka. Vijana 11 ni wachache mno kwa mtu kuapa, ila mimi matokeo yale yalinifanya niache kusema kwamba kukanda ni starehe tu.

Halafu kuna chambuzi kubwa mbili. Ya mwaka 2018 ilikusanya tafiti 99 za njia mbalimbali za kurudisha mwili, na kukandwa kukaongoza kwa kupunguza maumivu na hisia ya uchovu. Ya mwaka 2020, iliyofanywa na watu wa Sheffield, Uingereza, ilikusanya tafiti 29 zenye washiriki 1,012. Nguvu haikuongezeka, kuruka hakukuongezeka, kasi haikuongezeka, wala ustahimilivu. Maumivu yalipungua kidogo, na viungo vikanyumbulika kidogo zaidi.

Ziunganishe hizo mbili utaona jambo ambalo ndilo lililonifanya nifungue uzi: ukikandwa vizuri unapata nafuu, lakini nafuu hiyo inatangulia kupona. Mguu unakuambia uko tayari wakati nguvu zake bado hazijarudi. Anayelijua hilo atakandwa, atalala, na kesho atafanya zoezi jepesi. Asiyelijua atatoka mezani kwenda kukimbia kasi.

Kunyoosha kuna habari fupi zaidi, na naomba msikasirike. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalichukua tafiti 12, mojawapo ikiwa na watu zaidi ya 2,300. Kunyoosha baada ya zoezi kulipunguza maumivu ya siku ya pili kwa takriban alama 1 kwenye mizani ya 100. Katika ule utafiti mkubwa, walionyoosha kabla na baada walipata tofauti ya alama 4. Kwa maisha ya kawaida mtu hawezi kuihisi tofauti hiyo. Mkumbuke pia kwamba kunyoosha kwenyewe ni kuuvuta msuli, na ukimvuta kwa nguvu mtu asiyezoea, anaweza kuamka na maumivu hata kama hakufanya zoezi lingine lolote.

Karibuni. Mwenye uzoefu tofauti aseme, sijaja kufunga mjadala.

ChumaKwanza

Mleta uzi, nimesoma mpaka mwisho na nakuheshimu, ila hapa kwenye kunyoosha nakataa. Nabeba chuma mwaka wa 11 huu. Kila nikimaliza nakaa chini dakika 15 nanyoosha nyonga, mapaja na mgongo. Siku nikiacha najisikia kama mbao. Unataka kuniambia miaka yote hiyo najidanganya?

Mleta uzi

Hapana kaka, hujidanganyi. Unachokihisi ni cha kweli, ila tukipe jina lake. Kunyoosha kunaongeza upana wa mwendo wa kiungo, na kwa mtu anayechuchumaa na chuma mabegani hilo ni jambo kubwa. Kunakutuliza pia, dakika 15 za kupumua taratibu baada ya kelele za jimu si kitu kidogo. Nilichosema ni kwamba hakupunguzi yale maumivu ya kesho kutwa.

Tena sehemu kubwa ya ule wepesi wa wiki za mwanzo inatoka kwenye neva. Msuli haujarefuka, neva ndizo zimezoea kuvutwa na hazipigi kelele mapema. Ndiyo maana ukiacha siku chache unajisikia mbao: neva zimerudi kwenye mpaka wao wa zamani.

Angalizo moja kwako wewe wa chuma. Kunyoosha kwa kutulia, msuli mmoja zaidi ya sekunde 60, muda mfupi kabla ya kubeba kunashusha nguvu kwa muda. Kabla ya chuma pasha mwili moto kwa kujongea: zungusha nyonga, chuchumaa bila uzito, kisha ongeza uzito taratibu. Kule kwa kutulia kuache mwisho kama unavyofanya.

ChumaKwanza

Hiyo ya neva sikuijua. Na siku msuli unauma sana, ninyooshe au niache?

Mleta uzi

Ujongeze, usiuvute. Tembea, endesha baiskeli bila uzito, zungusha mikono. Ukitaka kunyoosha ishia pale unapoanza kuhisi mvuto, usifike kwenye maumivu, sekunde 20 au 30 zinatosha. Msuli wenye majeraha madogo ukiuvuta hadi mwisho unaurudisha kwenye kilekile kilichouumiza.

Mkandaji

Wadau habari. Kazi yangu ni kukanda, mwaka wa 14 sasa, na wengi wanaokuja kwangu ni wakimbiaji na wanasoka. Nakubaliana na mleta uzi kwa mengi, ila kuna jambo nataka niliseme kwa upande wa mikono.

Mteja wa siku baada ya mbio na mteja wa siku ya kawaida ni watu wawili tofauti. Wa siku ya kawaida mwenye bega lililokaza naweza kumwingia kwa kidole gumba na akafurahi. Aliyetoka kukimbia jana simwingii. Namlaza, naweka mafuta, nampitishia viganja vizima kwa mkono mrefu kutoka kifundo cha mguu kupanda juu kuelekea moyoni, kwa uzito wa mkono wangu tu. Nikiona msuli umeacha kujikunja ndipo naushika na kuufinyanga taratibu kama unga, shavu la mguu kwanza, paja baadaye. Dakika 20 hadi 30 kwa miguu yote miwili. Nikiona amekaza meno au ameshika ukingo wa kitanda, nimeshakosea, hata kama yeye anasema endelea. Mwili unaojikinga haulegei, kwa hiyo kila ninachofanya pale ni kupigana naye.

Na wengi huomba kiwiko. Wanadhani wanalipia maumivu. Mimi huwaambia, nipe dakika 5 za mwanzo kwa namna yangu, zikiisha ukitaka bado kiwiko tutazungumza. Ni wachache sana wanaokumbuka kuuliza tena.

Nyongeza kwa wapenda historia: hii inayoitwa masaji ya Kiswidi watu humpa sifa Per Henrik Ling wa Uswidi, lakini ule mpangilio wa mikono na majina yake ya Kifaransa tunayofundishwa darasani ulitokana zaidi na Johan Georg Mezger, daktari wa Uholanzi wa karne ya 19.

Kuna watu nawarudisha mlangoni kabisa. Mwenye homa. Mwenye jeraha bichi au ngozi yenye maambukizi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka daktari wake aseme. Na huyu naomba mumshike: mwenye shavu la mguu mmoja lililovimba, lina joto, limekuwa jekundu, linauma akisimama, hasa kama amekaa safarini muda mrefu au alikuwa amelazwa. Hilo linaweza kuwa bonge la damu ndani ya mshipa. Ukilikanda linaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mleta uzi

Dada yangu, asante sana. Ningekukuta wewe siku ile ningeokoa siku 9.

KiungoMkabaji

Mimi nina swali la haraka. Tuna mechi Jumamosi na nyingine Jumatatu. Jumapili nifanye nini? Kocha anatwambia tunyooshe saa nzima.

Mleta uzi

Mdogo wangu, saa nzima ni nyingi mno kwa miguu iliyocheza dakika 90. Katika soka kinachoumiza paja ni kufunga breki na kugeuka ghafla, na vyote hivyo ni msuli kufanya kazi huku unavutwa, kama mteremko wangu ule.

Jumamosi usiku kula vizuri, wanga na protini, kunywa maji, ulale. Usingizi ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, na baada ya mechi ngumu usione haya kulala zaidi. Jumapili asubuhi tembea au endesha baiskeli dakika 15 hadi 20, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Mchana ukipata mkono kama wa dada hapo juu, kandwa. Kunyoosha dakika 10 kunakutosha, kwa ajili ya wepesi wa nyonga tu.

Kukaa kwenye maji baridi kunaweza kukupunguzia maumivu, na kwa ratiba kama yako ya mechi mbili karibukaribu sioni ubaya. Ila ChumaKwanza asikuige. Utafiti wa wiki 12 uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanaoingia maji baridi kila baada ya kubeba chuma walijenga misuli kidogo kuliko waliopoa kwa baiskeli nyepesi.

MbioZaTaratibu

Na rola ya povu je, ile silinda ya kujiviringishia misuli? Sina mtu wa kunikanda, ninayo hiyo tu chumbani.

Mkandaji

Itumie, inasaidia kidogo kwa maumivu na kwa wepesi. Dakika 1 au 2 kila msuli, polepole, upumue. Usipite juu ya goti wala ugoko. Na ule utepe mgumu wa ubavuni mwa paja, kutoka nyonga hadi goti, usiupige ukidhani utaurefusha. Ni mgumu kupita nguvu ya rola. Shughulikia msuli wa tako na wa mbele ya paja.

Mgeni Jukwaani

Habari za jioni wakubwa. Sijawahi kuandika humu, naomba msaada. Juzi nilirudi jimu baada ya miezi 5, rafiki yangu akanishindanisha kuchuchumaa na kuinuka mara 300. Leo mapaja yamevimba na yamekuwa magumu, siwezi kukunja goti hata nusu. Mkojo tangu asubuhi una rangi ya kahawia kama chai nzito. Nilikuwa nimepanga kwenda kukandwa kesho. Nimwambie anikande polepole kama alivyoeleza dada?

Mkandaji

USIKANDWE. Usiguswe na mtu. Nenda hospitali usiku huu.

Mleta uzi

Mgeni, msikilize dada, usisubiri kesho. Haya si yale maumivu tunayoyazungumzia. Misuli ikivunjika kwa wingi inamwaga kwenye damu protini iitwayo mioglobini, na hiyo ndiyo inayougeuza mkojo kuwa kahawia. Figo zinaweza kulemewa hadi kushindwa kazi. Madaktari wanaita rabdomiolisisi. Ukifika waambie mambo matatu mfululizo: zoezi la mara 300 juzi, mapaja kuvimba, rangi ya mkojo. Watakupima damu. Usimeze dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni njiani, zinaweza kuzibana figo zaidi. Tuandikie ukifika.

Mgeni Jukwaani

Nimefika. Wamenipokea, wamechukua damu, wameniwekea dripu. Daktari amesema nimewahi. Nitarudi kuwaambia.

MbioZaTaratibu

Mungu amsaidie. Nimeshtuka kweli, maana hata mimi ningemwambia akakandwe.

Turudi nyuma kidogo, mleta uzi. Kama kukanda ni nafuu tu na kunyoosha hakuzuii, kuna kitu chochote kinachozuia maumivu yenyewe?

Mleta uzi

Kipo, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji mtu wala kifaa. Zoezi lenyewe, kwa dozi ndogo, mapema.

Msuli ulioumia kidogo kwa mteremko unajijenga upya kwa namna ambayo mteremko wa pili hauuumizi kama wa kwanza. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, na kwa baadhi ya vipimo imeonekana hadi miezi 6. Na si lazima uumie sana ili uipate. Dozi ndogo isiyouma sana inatosha kukukinga na kubwa inayokuja.

Mwaka uliofuata nilirudi kwenye njia ileile ya kilomita 30. Wiki 5 kabla, nilitafuta mteremko wa mita 400 hivi, nikaushuka mara 4 kwa mwendo wa kawaida. Mapaja yaliuma siku 2, maumivu ya kuvumilika. Baada ya siku 10 nikaushuka mara 6, sikuhisi kitu cha maana. Wiki 2 kabla ya siku yenyewe, mara 8. Nikakimbia zile kilomita 30, na kesho kutwa yake nilishuka ngazi mikono ikiwa mfukoni. Nilikwenda kukandwa pia, kwa viganja tu, nikasinzia mezani.

KiungoMkabaji

Kumbe ndiyo maana mechi za mwanzo wa msimu zinatuua na za katikati hatuzisikii. Nitamwonyesha kocha hapa.

Mgeni Jukwaani

Wakubwa, nimetoka leo. Nimelazwa siku 4. Figo zimepimwa, ziko salama, mkojo umerudi rangi yake tangu siku ya pili. Daktari amesema nirudi kupimwa damu baada ya wiki moja, na nisifanye zoezi zito mpaka aseme. Sina namna ya kuwashukuru. Rafiki yangu aliyenishindanisha naye amesoma uzi huu wote akiwa pembeni ya kitanda changu.

Swali langu moja tu. Siku daktari akiniruhusu, nianze na ngapi?

Mleta uzi

Tumefurahi sana kukuona, mdogo wangu. Yeye ndiye atakayekupa kipimo cha kwanza, na akitaja idadi, fuata yake. Asipotaja, anza kwa kutembea wiki nzima. Kisha kuchuchumaa na kuinuka mara 10, bila uzito, siku hiyo iishie hapo. Subiri siku 3 uangalie mapaja na mkojo. Vikiwa sawa, fanya mara 10 mbili.

Mkandaji

Na ukifika huko, njoo nikukande.